REGULATA YA PIKIPIKI NA IBADILISHWE KABLA HAIJAFA

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, pikipiki imekwisha kuwa chombo cha lazima. Kutoka Maliba, kwenye vilima vilivyo chini ya milima ya Rwenzori, ndiyo inayoteremsha magunia ya kahawa hadi barabara kuu iendayo Fort Portal. Ndiyo impelekayo mwalimu shuleni na askari kituoni. Na usiku wa manane, mama ashikwapo na uchungu, ndiyo hutangulia kuitwa kabla ya gari lolote. Huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, hali ni hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba jina la bodaboda lilizaliwa upande wa pili wa nchi, katika mpaka wa Busia, miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kwa baisikeli huku wakiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Tangu hapo baisikeli imeipisha injini, na pamoja na injini umekuja umeme.

Wenye pikipiki wengi hujua kuangalia oili, mnyororo, breki na matairi. Umeme huachiwa bahati. Wanajua kuwa ipo betri, na kwamba betri ikichoka hununuliwa nyingine. Lakini kati ya injini na betri kimejificha kifaa kidogo kijaacho kiganjani, chenye mapezi ya aluminiamu mgongoni na nyaya nne au tano, ambacho mafundi hukiita regulata. Kifaa hicho hakina sehemu inayozunguka, hakitiwi mafuta, wala hakipigi kelele. Kwa sababu hiyo husahauliwa mpaka siku kinapokufa. Na kinapokufa, mara nyingi hakifi peke yake.

Kazi ya regulata

Umeme wa pikipiki hutokana na kanuni iliyogunduliwa na mwanasayansi Mwingereza, Michael Faraday, mwaka 1831: sumaku ikizunguka karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Wakazi wa Maliba hawana haja ya kwenda mbali kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi. Kwa jirani zao wa Bugoye, maji ya mto Mubuku huzungusha mitambo iliyofunguliwa mwaka 2009, yenye uwezo wa megawati 13. Pikipiki nayo ina mtambo wake mdogo ubavuni mwa injini: sumaku huzunguka pamoja na injini, na koili zimetulia mahali pake.

Umeme utokao katika koili hizo una kasoro mbili. Ya kwanza, ni mkondo geu, yaani huenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa kila dakika, na betri haiwezi kuupokea hivyo. Betri hutaka mkondo mnyoofu, wa kwenda upande mmoja tu. Ya pili, umeme huo haukai katika kiwango kimoja. Injini ikinguruma polepole, volti huwa chache. Ikivutwa mafuta kwa nguvu kupanda mlima, volti hupanda pamoja nayo, na zingeachwa bila kizuizi zingefika mara kadhaa ya zile ambazo betri na taa zinaweza kustahimili.

Kifaa hicho kimoja huondoa kasoro zote mbili. Nusu yake hunyoosha mkondo, na kwa hiyo mafundi wengine hukiita rektifaya. Nusu ya pili huzuia volti zisipite kiwango kilichowekwa, ambacho kwa pikipiki ya volti 12 huwa karibu na volti 14 na nusu. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hadi 12.8, ili ipokee chaji, ni lazima isukumwe kwa volti zilizozidi hapo, lakini zisizidi mno hata zikaichemsha.

Namna regulata inavyozuia volti hizo ndiyo inayoeleza kwa nini hufa. Mkulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mubuku anajua kwamba maji ya mfereji yakizidi, hayasukumwi kwa nguvu kwenye mashamba. Hufunguliwa njia ya pembeni yakarudi mtoni. Regulata ya kawaida ya pikipiki ndogo hufanya vivyo hivyo. Betri ikishatosheka, hufungua njia ya mkato na kuurudisha umeme wa ziada kwenye koili. Tofauti ni kwamba maji ya mfereji hurudi mtoni yakiwa baridi, bali umeme unaorudishwa kwa njia hiyo huacha joto katika regulata na katika koili. Mapezi ya mgongoni yamewekwa ili upepo uliondoe joto hilo.

Kutokana na hayo hutokea jambo linalowashangaza wengi. Regulata ya aina hiyo haichoshwi zaidi na taa zinazowaka. Huchoshwa zaidi pale injini inapokwenda kwa kasi, betri ikiwa imejaa na taa zikiwa zimezimwa, kwa kuwa wakati huo karibu umeme wote ni wa ziada. Safari ndefu ya mchana katika joto la bonde, kutoka Kasese kupitia Kikorongo hadi Bwera, yaweza kuwa mzigo mkubwa kwake kuliko safari fupi ya usiku.

Yanayoiua mapema

Joto ndiye adui wa kwanza, na wapo wamsaidiao adui huyo. Tope la barabara za mlimani hujaza nafasi kati ya mapezi na kuganda kama blanketi. Wengine hufunga mfuko, koti la mvua au chombo cha zana mbele ya regulata, upepo ukakosa pa kupita. Wengine huosha pikipiki mtoni mara tu wafikapo, wakamwagia maji baridi kifaa ambacho bado kinachoma mkono. Maji hayo hupenya pia ndani ya soketi za nyaya, yakaleta kutu ya kijani.

Adui wa pili ni muungano mbovu wa nyaya, hasa waya wa ethi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi ya pikipiki. Waya huo ukilegea au ukila kutu, regulata hudanganywa. Huhisi kuwa betri haijashiba, ikaendelea kuruhusu umeme, au umeme hushindwa kuifikia betri na soketi ikaanza kuungua. Regulata nyingi hutupwa zikiwa nzima, kosa likiwa ni la waya mmoja uliokosa kusuguliwa msasa.

Adui wa tatu ni betri iliyokwisha. Betri mbovu haiwezi kutuliza volti, na mwenye pikipiki anayeisukuma miezi mingi kwa kuwa bado inapiga kiki hupata hasara ya vitu viwili.

Adui wa nne hutoka karakana. Ni desturi ya waendeshaji kuongeza keria ya nyuma kwa kuichomelea. Mtambo wa kuchomelea hupitisha umeme mkubwa katika bodi nzima, na umeme huo ukipita kwenye regulata huweza kuiua kwa nukta moja. Kabla ya kuchomelea, nyaya za betri na ziondolewe na soketi ya regulata ichomolewe. Vivyo hivyo, betri isifungwe kinyume, chanya mahali pa hasi, hata kwa kujaribu. Wala isichomolewe injini ikiwa inanguruma, kwani volti hurukia juu ghafula na kuua regulata, taa au vifaa vya cheche.

Dalili za kuchoka

Regulata mara nyingi hutoa onyo kabla ya kufa. Taa ya mbele hung'aa mno injini inapovutwa na kufifia inapotulia, kuliko ilivyokuwa zamani. Glopu huungua mara kwa mara, na mwenyewe hulaumu glopu za siku hizi. Betri ya kuongezwa maji huyamaliza upesi. Ile iliyofungwa isiyoongezwa maji huvimba mbavu. Hutoka harufu kama ya yai lililooza. Hizo ni dalili za umeme kuzidi.

Umeme ukipungua, dalili huwa kinyume: honi hukwaruza, indiketa huwaka pasipo kupepesa, na kile kitufe cha kuwashia injini hutoa mlio mkavu asubuhi. Mwendeshaji hupiga kiki na kuendelea na safari, akidhani amelitatua jambo, kumbe amelihamisha tu kutoka asubuhi kwenda usiku.

Mwisho, yafaa kuitazama regulata yenyewe. Gundi nyeusi iliyojaza mgongo wake ikiwa imepasuka, imevimba au imetoa majimaji. Soketi yake ikiwa imegeuka rangi ya kahawia au imeyeyuka pembeni. Au waya wake mmojawapo ukiwa mgumu na mkavu kwa kuungua, basi kifaa hicho kimeanza kuaga.

Kupima badala ya kubahatisha

Dalili huonya, lakini mita ya kupimia umeme ndiyo inayoamua. Mita ndogo ya mkono hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na betri mpya. Familia mbili au tatu, au kituo kizima cha polisi, zaweza kushirikiana mita moja.

Kwanza, mita iwekwe kwenye volti za mkondo mnyoofu, na betri ipimwe pikipiki ikiwa imelala saa kadhaa bila kuwashwa. Ikionyesha 12.6 au zaidi, betri imejaa. Ikiwa chini ya 12.4, ichajiwe kwanza, kwa kuwa kuipima regulata kwa betri yenye njaa huleta majibu ya uongo.

Pili, injini iwashwe na iachwe ipate joto, kisha ivutwe hadi mwendo wa kati, sindano za mita zikiwa kwenye ncha za betri. Volti zinapaswa kupanda na kutulia mahali fulani kati ya 13.5 na 14.8. Kiwango kamili cha kila pikipiki kimeandikwa katika kitabu chake, na hicho ndicho kifuatwe. Zikipita 15 na kuendelea kupanda, umeme haudhibitiwi, na pikipiki isiendeshwe safari ndefu. Zisipofika hata 13, betri haichajiwi.

Tatu, kabla ya kuihukumu regulata, ethi ichunguzwe. Injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa zimewashwa, sindano moja ya mita iguse ncha hasi ya betri na ya pili iguse waya wa ethi wa regulata. Mita ikionyesha zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, kuna muungano mchafu njiani. Usafishwe, upimaji urudiwe.

Nne, kama betri haichajiwi ingawa ethi ni safi, koili za injini nazo zipimwe, kwani huenda ndizo zilizoungua. Hapo pana haja ya fundi anayekijua kitabu cha pikipiki hiyo. Katika pikipiki zenye nyaya tatu za manjano zitokazo kwenye koili, hakuna hata mmoja unaopaswa kugusana na bodi. Lakini katika pikipiki nyingi ndogo ncha moja ya koili imefungwa kwenye bodi makusudi. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kuikataa koili nzima.

Kwa nini isingojwe ife

Wapo watakaouliza: kuna hekima gani kutoa fedha kwa ajili ya kifaa ambacho bado kinafanya kazi? Ni swali la haki, hasa katika nyumba ambayo ada ya shule na pikipiki hugombea mfuko mmoja.

Jibu la kwanza ni la hesabu. Regulata inayokufa kwa kuruhusu umeme kupita kiasi huchemsha betri, huunguza glopu, na yaweza kuharibu vifaa vya cheche. Inayokufa kwa kuunguza soketi yaweza kuteketeza na nyaya za karibu. Mwenye kungoja hununua regulata ile ile ambayo angeinunua mwezi uliopita, kisha hununua betri juu yake, na hupoteza siku za kazi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Jibu la pili ni la usalama. Kuna pikipiki ambazo cheche ya plagi hutoka kwenye koili yake yenyewe; hizo, betri ikifa, bado huweza kuwashwa kwa kiki na kutembea. Kuna nyingine ambazo cheche hutegemea betri, na zile zinazopuliza petroli kwa umeme huitegemea zaidi; hizo, betri ikifa, husimama papo hapo. Kila mwenye pikipiki anapaswa kujua yake ni ya kundi lipi, na kama hajui amuulize fundi kabla ya usiku kumwuliza yeye. Hata pikipiki inayotembea bila betri yaweza kubaki bila taa. Barabara ya kutoka Kikorongo kwenda Bwera hukata katika hifadhi ya Queen Elizabeth, ambamo tembo na nyati huvuka barabara wapendapo. Njia za Maliba nazo zina kona zenye bonde upande mmoja. Mahali kama hapo, glopu moja iliyoungua inatosha kuleta msiba.

Jibu la tatu ni kwamba kubadilisha mapema hakumaanishi kutupa. Regulata iliyotolewa ikiwa bado nzima na isafishwe, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na iwekwe chini ya kiti pamoja na spana ya kuifungia. Ile mpya ikipata ajali njiani, ya zamani itarudishwa kwa dakika chache na safari itaendelea. Aliyengoja ya kwanza ife hana akiba ya namna hiyo.

Hata hivyo, si kila pikipiki inayohitaji regulata mpya mwaka huu. Pikipiki ambayo volti zake zinatulia mahali pale pale kila mwezi, soketi zake safi na ethi yake imara, iachwe ifanye kazi. Zinazostahili kubadilishiwa kabla ya wakati ni zile ambazo vipimo vyake vimeanza kusogea; zile ambazo soketi au gundi imeonyesha kuungua; zile ambazo koili yake imesukwa upya baada ya kuungua; na zile zilizonunuliwa kutoka kwa watu wengine, historia yake isijulikane, huku zikitegemewa kwa zamu za usiku au kubeba wagonjwa. Kwa kundi hili la mwisho, kungoja ni kucheza kamari na maisha ya mtu mwingine.

Kuchagua iliyo sawa

Regulata hazifanani ingawa zinafanana kwa sura. Moja imetengenezwa kwa koili ya nyaya mbili, nyingine kwa tatu. Moja hutuma umeme wa taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili, nyingine hupitisha wote katika betri. Soketi yaweza kuingia vizuri na mpangilio wa nyaya ukawa tofauti. Kwa hiyo anayekwenda dukani, awe Kasese au Bwera, achukue ile ya zamani mkononi, alinganishe namba iliyochapwa, idadi ya nyaya na mahali pa kila waya. Rangi za nyaya zisiaminiwe peke yake, kwa kuwa kila kiwanda kina desturi yake.

Bandia ni nyingi sokoni. Iliyo nyepesi mno kuliko ya zamani, yenye mapezi membamba, gundi isiyojaa na nyaya nyembamba kama uzi, haitastahimili joto. Ni bora kununua kwa muuzaji anayejulikana, atakayekubali kuibadilisha ikiwa mita itaikataa siku hiyo hiyo, kuliko kufuata bei ya chini kwa mpita njia.

Kuibadilisha hatua kwa hatua

Kazi yenyewe haizidi saa moja. Yanayohitajika ni spana, bisibisi, msasa laini, kitambaa kikavu na mita.

Ufunguo uzimwe na utolewe, na injini ipoe. Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza, kisha ule wa chanya. Kwa njia hiyo spana ikiteleza na kugusa bodi haitatoa cheche. Regulata itafutwe chini ya kiti, nyuma ya kifuniko cha ubavuni au chini ya tangi. Kabla ya kuchomoa chochote, mahali pa kila waya pachorwe kwenye karatasi, au papigwe picha kwa simu. Soketi ishikwe yenyewe na ivutwe taratibu, si kwa kukokota nyaya.

Regulata ikishafunguliwa, sehemu iliyoegemea isuguliwe mpaka chuma king'ae, kwa sababu kifaa hiki hupoa kwa kupitisha joto kwenye bodi, na katika pikipiki nyingi ethi yake hupita hapo hapo. Rangi, kutu na tope ni kizuizi kwa vyote viwili. Vidole vya shaba vya soketi navyo vitazamwe. Vilivyolegea vikazwe kidogo, vilivyoungua vibadilishwe pamoja na soketi. Kufunga regulata mpya kwenye soketi iliyoungua ni kuitia mpya katika ugonjwa wa ile ya zamani.

Mpya ifungwe kwa boliti zilizokazwa vizuri, mapezi yake yaelekee upepo. Betri irudishwe, chanya kwanza na hasi mwisho. Injini iwashwe na volti zipimwe kama ilivyoelezwa. Kisha pikipiki iendeshwe mwendo wa dakika ishirini na soketi iguswe kwa tahadhari: regulata kuwa ya moto ni kawaida, lakini soketi kuwa ya moto si kawaida. Upimaji urudiwe baada ya juma moja.

Usalama wa nyumbani

Betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Isichajiwe katika chumba cha kulala, wala karibu na jiko la mkaa, kibatari au mtu avutaye sigara. Maji yaliyomo ndani yake ni asidi. Yakimwagikia ngozi au jicho la mtoto, paoshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, na aliyeumia jicho apelekwe hospitali bila kungoja. Betri zilizokufa zisiachwe uani kuwa michezo ya watoto, wala zisivunjwe nyumbani, kwa kuwa risasi iliyomo ni sumu. Zirudishwe kwa wanunuzi wa betri chakavu.

Daftari la pikipiki

Mahali ambapo pikipiki moja huendeshwa na watu watatu kwa zamu, kama ilivyo katika vituo vingi vya polisi na vikosi vidogo, kosa la umeme hujificha kwa urahisi. Wa zamu ya asubuhi huona honi imefifia, wa mchana hubadilisha glopu, na wa usiku huongeza maji ya betri. Kila mmoja ameona kipande kimoja cha habari, na hakuna aliyeiona habari nzima. Mpaka siku inapolala njiani, kila mmoja husema kwa haki kwamba kwake ilikuwa nzima.

Dawa yake ni daftari la kurasa chache linalokaa na ufunguo. Mara moja kwa mwezi huandikwa tarehe, kilometa, volti za betri ikiwa imelala, na volti injini ikinguruma. Kila glopu inayobadilishwa na kila tone la maji ya betri huandikwa pia. Nyumbani kazi hii yaweza kupewa kijana wa sekondari, ambaye atajifunza fizikia yenye faida kuliko ile ya ubaoni, huku mama wa nyumba akijua mapema kwamba mwezi ujao kuna fedha ya kutengwa. Namba zikisoma 14.3, 14.3, 14.4, hakuna neno. Zikianza kusoma 14.6, kisha 14.9, regulata imekwisha kutoa taarifa, na bado muda upo wa kushuka mjini siku ya soko, kuchagua kwa utulivu na kuifunga mchana kweupe. Kazi hiyo hiyo ikingojewa hadi usiku, kando ya barabara ya Bwera, hufanywa kwa mwanga wa simu, na mara nyingi kifaa chenyewe hakipo.